Kabla Hujaukata Huo Mkungu

Maswali ya wasomaji kuhusu miti na nyumba. Anajibu Bibi Miche

Masika yamepita, kuta zimekauka, na barua za nyufa zimenijia nyingi kuliko mwezi wowote mwaka huu. Karibu kila moja inamshitaki mti. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: nimeotesha na kuuza miche kando ya barabara Mikocheni kwa miaka ishirini na sita, na marehemu mume wangu alikuwa mwashi. Kwa hiyo habari za mti na ukuta nimezisikia kutoka pande zote mbili, tena kwa miaka mingi, sahani ya wali ikiwa katikati yetu.

*

*Shikamoo Bibi Miche. Tunaishi Goba, kiwanja cha 20 kwa 20, nyumba ya tofali za saruji tuliyohamia 2017. Mwaka uliofuata mume wangu alipanda mkungu karibu na kona ya sebule, kama mita mbili na nusu kutoka ukutani, tupate kivuli cha kukalia jioni. Sasa umeshapita paa. Mwezi wa nne nimeona ufa umeanzia kona ya dirisha la sebule, unashuka mpaka chini. Fundi wa kwanza kasema mizizi imeingia kwenye msingi, tuukate leo leo. Wa pili kasema tuchimbe mtaro tumwage zege la kuzuia mizizi. Mume wangu hataki kusikia habari ya kukata. Udongo wetu ni kichanga chekundu. Tushike la nani? — Mama wa Goba*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya panga na kabla ya zege, mvua ikinyesha toka nje na mwamvuli ukasimame kwenye kona hiyo. Tazama maji ya bati yanaangukia wapi. Tazama simtanki likijaa linafurikia upande gani, na maji ya bafuni yanapita wapi. Kwenye barua yako umenieleza mti, ufa na mafundi wawili, lakini maji hukuyataja kabisa, na mimi ndiyo ninayoyatafuta kwanza.

Watu wengi wanaamini kwamba mzizi unaupiga msingi kama sururu. Haupigi. Ncha ya mzizi ni laini, unaiponda kwa kucha. Ikikutana na zege zima inakata kona na kwenda zake. Mzizi unatafuta maji na hewa, ndiyo maana mizizi mingi ya mti iko kwenye mita moja ya juu ya udongo na inasambaa mbali kupita kivuli cha matawi yake. Ukikuta mzizi umelala kando ya msingi, usidhani umekuja kubomoa. Aghalabu umefuata unyevu. Na nyumba ya tofali ni nzito. Mzizi unaonenepa chini yake hauna ubavu wa kuiinua. Unachoweza kuinua ni vitu vyepesi: pavingi, ngazi ya mlangoni, sakafu nyembamba ya mahali pa gari, ukuta wa uzio.

Kuna njia moja ambayo mti unaiumiza nyumba nzima kweli, nayo ni kunyonya maji kwenye udongo wa mfinyanzi. Mfinyanzi ukikauka unasinyaa, na nyumba inakaa upande. Hilo nitalieleza kwenye barua ya Dodoma hapo chini. Kichanga hakisinyai hivyo. Kwenye kichanga adui ni maji yanayotiririka: yanabeba udongo chini ya msingi kidogo kidogo, masika hadi masika, mpaka kona inabaki haina cha kuegemea. Ufa wa kona ya dirisha nao hutokea hata kwenye nyumba isiyo na mti hata mmoja, kwa sababu pale ukuta umekatwa na ndipo unapochoka kwanza.

Fanya hivi. Chukua penseli, weka alama mahali ufa unapoishia na uandike tarehe pembeni. Pima upana kwa rula. Bandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, kwa gundi ngumu upande huu na upande ule; kioo kikipasuka, ufa bado unatembea. Ukikaa miezi mitatu bila kusogea na upana haujafika milimita 5, hiyo ni kazi ya lipu na rangi. Ukizidi hapo, au ukiona mlango umeanza kugoma kwenye fremu yake, achana na mafundi wote wawili na mwite mhandisi wa majengo.

Wakati mnasubiri, chimbeni shimo moja kati ya mti na ukuta, upana wa jembe, kina cha kufika pajani. Mkikuta mizizi michache imepita moja kwa moja, hakuna jambo. Mkikuta nywele za mizizi zimesongamana mahali pamoja kama nyavu, hapo kuna bomba linalovuja.

Najua ninachosema, kwa sababu yalinikuta. Mwaka 1994 mimi na mume wangu tulipanda mkungu hatua nne kutoka kwenye chemba ya choo. Miaka sita baadaye choo kikawa hakipitishi maji. Tulifungua chemba, mume wangu akaingiza mkono kwenye bomba, akavuta kitu mfano wa kamba ya usumba, nene kama mkono wangu, ndefu karibu pima mbili. Mizizi mitupu. Ilikuwa imepenya kwenye maungio ambayo hayakutiwa gundi sawasawa, tundu ambalo hata njiti ya kiberiti ingepita kwa shida. Mume wangu alikaa chini pale pale kwenye udongo akaniambia, “Bomba hili nililiunga mimi.” Siku zile wapo waliotushauri tumwage chumvi, wapo waliosema maji ya betri. Tulikataa. Tulikata mizizi, tukatoa kipande kibovu, tukaunga bomba jipya la plastiki kwa gundi na kuliacha likauke siku nzima kabla ya kufukia. Bomba zima lisilovuja mzizi hauna habari nalo.

Sasa hapa nitamuudhi mumeo. Pamoja na utetezi wote niliouweka, huo mkungu uondoke, na uondoke mwaka huu. Ufa si hoja yangu. Mkungu ukiachwa unafika mita 20 na zaidi, matawi yake yanatandaa kwa ghorofa kama miavuli iliyopangwa, na kwenye 20 kwa 20 yenye nyumba, karo na simtanki hakuna mahali pa kuyapeleka. Majani yake makubwa yanageuka mekundu na kupukutika mara mbili kwa mwaka, na yote yataingia kwenye gata, maji yatafurika kwenye kona ile ile yenye ufa. Popo nao watazifuata kungu na kuchafua ukuta. Ni mti ninaoupenda kwa dhati, lakini mahali pake ni ufukweni, uwanja wa shule, kituo cha daladala. Nyumbani kwenu ulipandwa mita mbili na nusu mahali panapotaka kumi.

Kwa kuwa udongo wenu ni kichanga, mnaweza kuukata kwa siku moja bila ardhi kuleta matata. Ila aukate mtu mwenye kamba na anayejua kushusha tawi kwa tawi, na kisiki king'olewe. Kisiki kinachooza karibu na nyumba kinaalika mchwa, na mchwa akimaliza kisiki anahamia kwenye fremu za milango. Mahali pake, mita tatu na nusu kutoka ukutani, pandeni mstafeli. Haukui mrefu wa kuwatisha, unakatiwa vizuri, na mtakunywa juisi yake. Mkomamanga au mdimu unatosha pia, ila kivuli chake ni kidogo. Na kwa kuwa najua mumeo atasikitika jioni ya kwanza bila kivuli, mjengee chanja ya mabomba pale pale mlipokuwa mnakaa, mpandishe mpasheni. Kabla ya mwaka kwisha mtakuwa mnakaa chini ya majani mabichi.

Zege la fundi wa pili lisahauni. Mizizi itapita chini yake au itazunguka ncha zake baada ya miaka michache. Fedha hiyo nunueni gata, na bomba la kupeleka maji ya bati mbali na kona.

*

*Bibi, mimi ni mtumishi niliyehamia Dodoma. Nimepata kiwanja chenye udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka naingiza kiganja kizima. Karibu na ninapotaka kuweka nyumba kuna mwarobaini mkubwa, wa miaka mingi. Jirani ananishauri nijenge kwanza nikiwa na kivuli, nikishahamia ndipo niukate. Pia nishauri nipande nini upande wa magharibi, jua la jioni ni kali. — Mtumishi, Dodoma*

Mwanangu, katika barua zote nilizopata mwaka huu, ushauri wa jirani yako ndio ulionitisha zaidi. Usiufuate.

Udongo ulionieleza ni udongo wa mbuga. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na nyufa unazoingiza kiganja ndizo ushahidi. Huo mwarobaini umekuwa ukinyonya maji ya hapo kwa miaka yote hiyo, kwa hiyo udongo wa chini yake umezoea kuwa mkavu na umejikunja. Ukijenga juu ya udongo huo mkavu, kisha ukaukata mti, mnyonyaji ameondoka. Mvua ya Desemba hadi Aprili inaingia na hakuna wa kuitoa. Udongo unavimba taratibu, mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tatu, na unainua jamvi, yaani sakafu ya zege, na kuta za ndani kutoka chini. Nyumba iliyoinuliwa hupasuka vibaya kama iliyozama, na hapo hakuna tena mti wa kuukata.

Kwa hiyo amua kabla ya kuchimba msingi. Kama unautaka mti, na mimi ningeutaka, isogeze nyumba. Kwenye mfinyanzi wa namna hiyo umbali uwe angalau sawa na urefu ambao mti utaufikia ukiwa mzima. Mwarobaini uhesabie mita 15. Kama kiwanja hakiruhusu, ukate sasa, na uache msimu mzima wa mvua upite, ikiwezekana miwili, udongo urudishe maji yake kabla fundi hajagusa ardhi. Najua kodi ya nyumba inauma na unataka kuhamia kwako. Lakini kusubiri msimu mmoja ni nafuu kuliko kubomoa chumba. Na msingi wa udongo wa mbuga usimwachie fundi peke yake, hata awe hodari namna gani, mhandisi auchore.

Kuhusu jua la jioni, uko kwenye mji wa zabibu, kwa nini utafute mti? Weka chanja mita tatu kutoka ukuta wa magharibi, upandishe mizabibu. Majani yatakukinga jua, mizizi yake si tishio, na utaipogoa baada ya kila mavuno kama wanavyofanya majirani zako wenye mashamba, mara mbili kwa mwaka. Mzabibu hauvumilii maji yanayotuama, kwa hiyo usiupande kwenye huo udongo mweusi ulivyo. Nyanyua tuta, uchanganye kichanga na samadi iliyooza vizuri.

Jambo moja zaidi kwenye mfinyanzi: usimwagilie bustani upande mmoja tu wa nyumba huku upande mwingine umekauka kama kigae. Upande uliolowa utavimba, uliokauka utasinyaa, na nyumba katikati itavutwa huku na huku. Maua yanayotaka maji kila siku yakae mbali, karibu na geti.

*

*Asalaam aleykum Bibi. Tuna nyumba ya urithi Mji Mkongwe, Unguja. Juu ya dirisha la ghorofa ya pili umeota mtini, haukupandwa na mtu. Kila mwaka tunaukata, kila mwaka unarudi mnene zaidi. Unadhuru? — Mjukuu, Unguja*

Waaleykum salaam. Unadhuru, tena sana. Huko juu nimewaambia wenzako kwamba mzizi haubomoi ukuta mzima. Ukuta wako ni habari nyingine. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa ni laini na inashika unyevu. Ndege ametua juu, ameacha mbegu kwenye kiufa, mzizi ukakuta maji na njia iliyo wazi. Kule juu hakuna uzito wa kuukandamiza, kwa hiyo ukinenepa unasukuma jiwe kutoka kwenye jiwe. Na mnapoukata usawa wa ukuta, mnaupogoa tu. Mizizi imebaki ndani, inanenepa, ndiyo maana kila mwaka unarudi na nguvu.

Mtini mdogo wa unene wa penseli hung'olewa siku ya mvua, chokaa ikiwa imelainika, polepole mpaka utoke na mzizi wake. Wako umeshapita hapo. Mkiuvuta utatoka na mawe, na chini kuna wapita njia. Ukateni, na papo hapo, kisiki kikiwa bado kinatoa utomvu, mjuzi akipake dawa ya kuua mti. Kifishwe kabisa, ndipo mizizi iondolewe kipande kwa kipande na matundu yazibwe kwa chokaa na mchanga. Msizibe kwa saruji. Saruji inafungia maji ndani ya jiwe la matumbawe, na baada ya muda lipu inabanduka na kuondoka na uso wa ukuta. Mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo kabla ya kuweka jukwaa pateni kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Halafu tafuteni maji yanatoka wapi. Mtini hauoti ukuta mkavu. Juu yake kuna bomba la mvua lililoziba au dari inayovuja.

*

*Habari Bibi Miche. Naomba maua ya kupanda chini ya madirisha, nyumba iko Kilifi, nina watoto wawili wadogo. Sitaki yaharibu ukuta. — Mwalimu, Kilifi*

Salama, mwalimu. Hesabu ni rahisi na unaweza kuwafundisha wanafunzi wako: chukua upana wa kichaka kikishakomaa, gawanya kwa mbili, ongeza sentimita 30. Kichaka cha mita moja na robo kinakaa karibu mita moja kutoka ukutani. Mche ukiwa kwenye kiriba utaona umeuweka mbali mno, na jirani atakuambia hivyo. Muache aseme. Nafasi hiyo inapitisha hewa, ukuta unakauka, na wewe unaweza kupita nyuma yake kuangalia kama mchwa wamejenga njia ya udongo kupanda juu. Kwa sababu hiyo hiyo, majani makavu ya kufunikia udongo yasiguse ukuta.

Chini ya dirisha la kulala panda asumini. Inachanua jioni, harufu inaingia na upepo, na asubuhi utachuma za kufunga vikuba. Mkilua, wenye maua ya kunukia, ukiupata usiuache. Mhina unafaa pembezoni, unavumilia chumvi ya bahari na unakatwa upendavyo. Bogenvilia ni nzuri lakini ina miiba. Ipeleke kwenye uzio, macho ya watoto yako kwenye kimo chake.

Oleanda usiilete kabisa, wala ile ndugu yake yenye maua ya njano kama kengele. Watu huzipanda kwa uzuri wake, lakini ni sumu kuanzia jani mpaka mbegu, na mtoto hutia mdomoni kila anachookota. Mnyaa nao hapana: utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Kuwa na watoto wadogo kwangu ni sababu kubwa kuliko ukuta.

Umeuliza pia, kwenye ukurasa wa pili wa barua yako, kuhusu miashoki ya uzio. Ipande, inapendeza, ila iache mita moja na nusu kutoka kwenye ukuta wa uzio. Nawaona watu wanaibananisha na tofali kabisa. Shina linanenepa, na ukuta wa uzio msingi wake ni mfupi; siku moja unaukuta umelalia kwa jirani.

*

*Nina mnazi mrefu mita tatu kutoka ukuta wa jikoni, Bagamoyo. Nimeambiwa mizizi itabomoa msingi. — Mzee wa Bagamoyo*

Shikamoo mzee wangu. Waliokuambia wameuonea. Mizizi ya mnazi ni kama nyuzi, inaota mingi kutoka kwenye kitako na haiendelei kunenepa kama ya mwembe au mkungu. Msingi wako uko salama. Kinachoniogofya ni cha juu: nazi na makuti vinavyoanguka kwenye bati, au kichwani kwa anayepika. Utakapotaka kupanda mwingine, tafuta kitamli, mnazi mfupi. Madafu yake utayachuma ukiwa umesimama kwa miaka mingi, na uupe mita tano au sita. Huo mrefu usiukate. Mwite mkwezi kila baada ya miezi mitatu, nazi zikikomaa na zisipokomaa, na kabla hajapanda mwonyeshe upande wa jikoni: kole lolote la nazi linaloning'inia juu ya bati lishuke siku hiyo hiyo kwa kamba.